Fulana mbili za sufu ya merino, beseni moja: moja imerudi, nyingine imebaki nzima

Mzee wa Machame

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni mwongozaji wa wageni katika Mlima Kilimanjaro, na kazi hii nimeifanya kwa miaka kumi na minne, minne ya mwanzo nikiwa mgumu, yaani mpagazi kwa wale wasio wa huku. Miezi michache iliyopita mgeni mmoja alipomaliza safari aliniachia fulana mbili za ndani za mikono mirefu, zote zikiwa zimeandikwa kwamba ni sufu ya kondoo wa merino. Nilizivaa kwa kupokezana katika safari mbili za njia ya Machame, siku saba kila safari, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nilifika geti la Mweka na kupanda gari bila kuionea haya harufu yangu mwenyewe.

Kosa nililifanya nyumbani. Nilichemsha maji, nikamwaga sabuni ya unga, nikaloweka fulana zote mbili katika beseni moja, kisha nikazifikicha kwa nguvu zilezile ninazofulia suruali zenye matope ya msituni. Moja ilitoka kama ilivyoingia. Ya pili ilirudi vibaya: mikono iliyokuwa ikifika viganjani sasa inaishia kwenye viwiko, kitambaa kimekuwa kinene na kigumu kama blanketi la bwenini, na mtu pekee anayeweza kuivaa hapa nyumbani ni binti yangu wa darasa la pili.

Maji yalikuwa yaleyale, sabuni ileile na mikono ileile. Naomba mwenye ujuzi anieleze kilichozitofautisha. Pia nataka kununua nyingine kwa fedha yangu, kwa hiyo naomba mnifundishe namna ya kuchagua, maana dukani nje ya nchi naambiwa fulana moja mpya huuzwa kati ya dola 70 na 120, na mimi sina fedha ya kufanyia majaribio.

Mtoro wa Baridi

Shikamoo Mzee wa Machame. Mimi naishi Bergen, Norwei, mwaka wa tisa sasa, na huku fulana ya sufu si nguo ya mlimani tu bali ni nguo ya kila siku, kiasi kwamba watoto wa chekechea huvalishwa kila baridi inapoingia na hawaivui mpaka barafu iishe. Kisa chako nimekiona katika nyumba nyingi za Waafrika wenzangu waliofika karibuni, yangu ikiwa ya kwanza.

Sufu ni nywele, na unywele wa kondoo ukiutazama kwa hadubini utauona umefunikwa na magamba madogo yaliyopangwa kama makuti juu ya paa, ncha zote zikielekea upande mmoja. Unywele ukilowa katika maji ya moto, magamba hayo hunyanyuka. Sabuni nyingi za unga zina magadi ndani yake, na magadi huyanyanyua zaidi. Hapo ndipo unapoanza kufikicha, na kila unywele husogea kuelekea upande wa shina lake tu, kwa sababu ukitaka kurudi magamba ya jirani yake huunasa. Husogea, hunasa, husogea tena, mpaka nywele zote zinasokotana na kubanana kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo fulana yako haikupungua, kwani ukiipima kwenye mizani utakuta uzito wake ni uleule. Kilichotokea ni kwamba kitambaa kimejikusanya mahali padogo. Ndiyo njia hiyohiyo ambayo watu wa nchi za baridi wameitumia tangu kale kutengenezea kofia ngumu na hata mahema, ila wao walikusudia.

Ile iliyosalimika bila shaka ilitengenezwa kiwandani ili istahimili mashine. Nywele zake hupitishwa kwanza kwenye klorini, ambayo hula makali ya yale magamba, kisha hupakwa ganda jembamba sana la plastiki linaloyafunika yaliyobaki, na kwa sababu hiyo hayana tena pa kunasa. Fulana nyingi za kampuni kubwa za siku hizi zimepitia njia hiyo, lakini si zote, na hasa zile zinazouzwa kwa sifa ya kutotiwa dawa hazijapitia. Kwa kawaida jibu limo kwenye kitambaa kidogo kilichoshonwa ubavuni. Beseni lenye namba 30 au 40 maana yake ni mashine, mstari mmoja chini ya beseni ni mzunguko wa upole, mistari miwili ni upole zaidi. Beseni lenye mkono ndani yake ni kufua kwa mkono tu. Pembetatu iliyokatwa inakataza dawa ya kung'arisha, na mraba wenye duara lililokatwa unakataza mashine ya kukaushia.

Mzee wa Machame

Marahaba, kijana wangu. Nimekwenda kuangalia sasa hivi kwa tochi. Iliyosalimika ina beseni lenye namba 30 na mstari mmoja chini yake. Iliyorudi ina beseni lenye mkono. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa nimelivaa jibu ubavuni.

Kijana wa Rau

Mzee wangu, kwa heshima zote naomba nipingane nawe kidogo. Mimi ni mgumu, napanda mara tatu kwa mwezi msimu wa wageni, na fulana zangu zote ni za poliesta, zile za mpira zinazouzwa mitumbani kwa bei ya chai na chapati. Nabeba kilo 20 za mgeni pamoja na vyangu, natoka jasho kuanzia getini mpaka kambini, na nikifika navua, nakung'uta, naanika juu ya hema, na kabla chakula hakijaiva imekauka. Hebu nambieni sufu itanifaa nini mimi, ikiwa kuikausha ni nusu siku na kuifua ni lazima mtu asomee?

Sirimon

Kijana wa Rau ametaja jambo la kweli na si vizuri likapita bila kujibiwa. Mimi niko Nairobi na hupanda Mlima Kenya karibu kila likizo, na nimezivaa aina zote tatu mpaka Point Lenana, mita 4,985, zikiwemo zile za pamba nilizoanza nazo nilipokuwa sijui lolote.

Tofauti iko katika jinsi kila nyuzi zinavyoyapokea maji. Katika hewa ya kawaida, sufu kavu huwa tayari imebeba unyevu wa takriban asilimia 16 ya uzito wake, pamba takriban asilimia 8, na poliesta haifiki hata asilimia moja. Hewa ikizidi unyevu, sufu inaweza kufika karibu theluthi ya uzito wake na ukiigusa bado usione kwamba imelowa, kwa sababu mvuke umeingia ndani ya unywele wenyewe na haukukaa juu yake. Poliesta hainywi chochote, jasho hukaa katikati ya nyuzi, na ndiyo maana ukiikung'uta hukauka haraka. Pamba hunywa, hulowa, hushikamana na ngozi, na upepo wa jioni ukikupata nayo utatetemeka hadi meno.

Kwa hiyo mtu anayebeba mzigo mzito akitoka jasho jingi mchana kutwa, na mwenye nafasi ya kuvua na kuanika, hana sababu ya kuionea haya poliesta yake. Kazi ya mwongozaji ni tofauti. Usiku wa kwenda kileleni mnaondoka kambi ya Barafu karibu na saa sita, mnakwenda pole pole kwa mwendo wa mgeni, kisha mgeni anakaa juu ya jiwe dakika kumi kila baada ya muda na wewe unasimama naye katika upepo. Huko kutoka jasho kidogo, kusimama, kutoka jasho tena na kusimama tena ndiko ambako sufu huonyesha thamani yake, kwa sababu fulana yenye unyevu kidogo haikugeuki ghafla kuwa barafu mgongoni. Sufu pia hutoa joto kidogo wakati inapofyonza mvuke, jambo ambalo wauzaji hulipamba mno. Ni kweli lipo, lakini ni dogo na hudumu muda mfupi, basi mtu asiache jaketi lake hemani kwa ajili hiyo.

Kuhusu harufu sina ubishi. Poliesta hupenda mafuta ya mwili, huyashika juu ya nyuzi zake, na bakteria hupata karamu. Siku ya pili tu wenzako wanajua uliko kabla hawajakuona.

Kijana wa Rau

La harufu nimelikubali, na wenzangu wa hema la wagumu watashuhudia. Basi pengine nahitaji moja tu, ya kulalia na ya kupandia usiku wa kilele, na mchana niendelee na zangu za mpira.

Mzee wa Machame

Hapo umesema vyema kuliko mimi nilivyofikiri. Hata mimi sasa naona kosa langu lilikuwa kuvaa sufu kuanzia getini, nikailowesha kwa mvua na jasho la msituni siku ya kwanza, wakati ambapo kule joto lenyewe linamtosha mtu. Ile ya usiku inapaswa kukaa kavu ndani ya mfuko wa plastiki mpaka jioni.

Mama Belo

Wanangu, hamjambo. Mimi nauza mitumba hapa soko la Memorial, Moshi, na nguo za baridi ndizo zilizonisomeshea watoto. Mnazungumza habari za dola 100 wakati kila nikifungua belo la masweta na nguo za michezo napata sufu safi ambayo wanunuzi wanaipita kwa sababu hawaitambui.

La kwanza, jifunzeni maneno, maana nguo hizi hutoka kila nchi na kila nchi huandika kwa lugha yake. Wanorwei na Waswidi huandika ull, Wadenmaki uld, Wajerumani Wolle au Schurwolle, Wafaransa laine, Waitaliano na Wahispania lana. Wafini huandika villa, kwa hiyo msidhani mmeuziwa nyumba. Kando ya neno hutakosa asilimia, na hiyo ndiyo ya kusoma kwa makini, kwa sababu nimeona fulana iliyochapwa picha kubwa ya kondoo kifuani na ndani imeandikwa sufu asilimia kumi. Mkiona pia ile alama ya fundo la uzi lenye mistari mieupe na myeusi, iliyoanza kutumika mwaka 1964, hiyo ni alama ya sufu halisi, ingawa kukosekana kwake hakumaanishi kwamba nguo ni bandia.

Kitambulisho kikiwa kimekatwa, na mara nyingi hukatwa, tumieni moto. Kateni kipande kidogo sana cha kitambaa chenyewe upande wa ndani, pale kinapobaki kidogo baada ya mshono. Msichomoe uzi wa kushonea, kwa sababu fulana ya sufu tupu inaweza kuwa imeshonwa kwa uzi wa poliesta, nanyi mkaitupa bure. Kichomeni kipande hicho kwa kiberiti mkikishika kwa koleo. Sufu hunuka nywele zinazoungua, moto wake hufifia wenyewe ukiondoa kiberiti, na huacha jivu jeusi linalosagika kati ya vidole. Poliesta na akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu lisilovunjika. Pamba huwaka kama karatasi. Mkipata harufu ya nywele na tone gumu kwa pamoja, basi mmeshika mchanganyiko. Ukitaka uhakika zaidi, kitumbukize kipande kingine katika dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe na ukiache. Sufu itayeyuka yote, poliesta itakuangalia tu. Na hapo ujifunze kabisa kwamba dawa hiyo haikaribii fulana ya sufu milele.

Moto hautakuambia kama ni merino au ni kondoo wa kawaida, maana wote ni nywele. Kwa hilo weka nguo shingoni, chini ya sikio, usubiri dakika moja. Ngozi ya shingo haidanganyi.

Mtoro wa Baridi

Mama Belo, shikamoo, na naomba niongeze sababu ya hilo la shingo. Unene wa sufu hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita. Unywele wa binadamu huwa kati ya mikroni 50 na 100, sufu ya masweta ya kawaida huzidi 25, na merino ya fulana za ndani huwa kati ya 16 na 19.5 hivi. Kinachomfanya mtu ajikune ni zile ncha za nywele zinazozidi mikroni 30, kwa kuwa hizo ni ngumu kiasi cha kuichoma ngozi badala ya kupinda zinapoigusa. Watu wengi huku husema wana mzio wa sufu, kumbe walivalishwa sweta la bibi lenye nywele nene, wakaishia kuichukia sufu yote.

Namba ya pili ni uzito wa kitambaa kwa mita ya mraba, na hiyo msiichanganye na ile ya mikroni. Gramu 150 ni nyepesi, ya kutembelea mchana. Gramu 200 ndiyo ningeichagua kwa usiku wa Kilimanjaro, chini ya flisi, yaani sweta laini la poliesta, na jaketi. Gramu 250 na zaidi ni nzito na hukauka polepole sana, inafaa kwa anayekaa bila kusogea, kwa mfano mpishi au mlinzi wa kambi anayesubiri wenzake warudi.

Umbo nalo si la kupuuza. Fulana iguse mwili bila kuubana, pindo lake lishuke chini ya kiuno ili lisichomoke unapoinama kufunga kamba za buti, na mshono wa bega usikae palepale mkanda wa begi unapopita. Yenye zipu fupi shingoni ina faida yake: unaifungua ukipanda ukuta wa Barranco juani, unaifunga usiku.

Na kwa kuwa nimemtaja merino, ngoja niwape kidogo tu habari zake. Asili ya kondoo huyu ni Hispania, lakini leo sufu yake nyingi hutoka Australia, na Nyuzilandi pia huwafuga wengi. Amezalishwa kwa namna ambayo manyoya yake hayakomi kukua wala hayapukutiki yenyewe, kwa hiyo asiponyolewa huteseka. Huko Nyuzilandi kondoo dume aliyeitwa Shrek alijificha mapangoni miaka sita, na alipopatikana mwaka 2004 alinyolewa kilo 27 za manyoya, yaani zaidi ya mzigo wa mgumu mmoja. Australia baadhi ya wafugaji hukata vipande vya ngozi nyuma ya kondoo ili kumzuia inzi asitage hapo, jambo lililopigwa marufuku Nyuzilandi mwaka 2018, na ndiyo sababu baadhi ya kampuni huandika kwenye nguo zao kwamba kondoo wao hawakutendewa hivyo. Anayejali hilo aangalie maandishi hayo.

Sirimon

Naomba nitoe tahadhari kwa wanaopenda nyepesi. Nilinunua ya gramu 150, sufu tupu asilimia mia, laini kama hariri, na ndani ya mwaka mmoja ilikuwa na matundu kiunoni, mahali ambapo mkanda wa begi husugua. Niliilaumu nondo mpaka nilipogundua kwamba matundu yote yako kwenye mstari mmoja. Sufu ikilowa hupungua nguvu, na hapo mkanda wenye kilo kumi nyuma yake unapoisugua siku nzima, haiwezi kuhimili.

Tangu hapo nachagua zile ambazo uzi wake una moyo wa nailoni na sufu imezungushiwa juu yake. Utaziona zimeandikwa sufu asilimia 85 au karibu na hapo, na nailoni inayobaki. Ngozi bado inagusana na sufu, harufu haisumbui, lakini kitambaa kinadumu. Wapo wanaosema kwamba asiyevaa sufu tupu hajavaa sufu, na mimi huwajibu waje tupande pamoja na begi la siku tano.

Mitumbani, iwe Gikomba, Toi au kwa Mama Belo, inueni fulana mbele ya mwanga kabla ya kulipa. Kagueni kiunoni, mabegani, kwapani na viwikoni. Tundu moja dogo la ukubwa wa kichwa cha pini si sababu ya kuiacha, mradi lishonwe mapema kabla halijafumuka. Vipira vidogo vya nyuzi kifuani navyo si uchakavu. Vinyoeni kwa wembe mkavu, taratibu.

Mzee wa Machame

Nashukuru sana. Sasa naomba mtu anipe utaratibu wa kufua kwa beseni, kwa sababu mashine sina, na hata mgeni aliyeniachia hizi nguo sidhani kama alifikiria kwamba nafua uani kwa maji ya bomba la Kibosho.

Mtoro wa Baridi

Kwanza, mzee wangu, usiifue mara kwa mara. Ukirudi mlimani itundike mahali penye hewa na kivuli usiku mmoja au miwili, na mara nyingi harufu kidogo iliyopo itaondoka yenyewe. Fua inapokuwa na uchafu au chumvi ya jasho.

Ukifua, tumia maji ambayo mkono hauyahisi kuwa ya moto wala ya baridi, yasiyozidi nyuzijoto 30. Ukisuuza, maji ya kusuuzia yasitofautiane sana na yale ya kufulia. Sabuni ya mche iache, ya unga iache, tumia shampuu ya nywele kijiko kimoja, kwa kuwa unachofua ni nywele. Sabuni nyingine za unga huongezewa vimeng'enya vya kuondoa madoa ya damu, maziwa na mayai, na vimeng'enya hivyo huyala madoa hayo kwa kuwa ni protini. Unywele wa kondoo nao ni protini, kwa hiyo havitaona tofauti. Geuza fulana ndani nje, ibonyeze bonyeze majini kwa viganja, usiifikiche, usiisugue kwenye jiwe, usiiloweke usiku kucha. Dawa ya kulainisha nguo usiitie, kwa sababu huyafunika magamba na kuizuia sufu isifyonze mvuke, na hiyo ndiyo kazi uliyoinunulia.

Kuikamua ndipo wengi huharibu. Usiisokote. Itandaze juu ya taulo kavu, ulikunje taulo pamoja nayo kama mkeka, kisha likanyage au ulibonyeze. Ukifungua utakuta fulana imebaki na unyevu mdogo tu. Ianike ikiwa imelala, juu ya kichanja chenye kitambaa safi, kivulini, maana ikining'inizwa kwenye kamba ikiwa imelowa uzito wa maji utaivuta na mikono itakuwa mirefu kuliko yako, na jua kali huichosha sufu na kuifanya ya njano.

Hata ile yenye beseni la namba 30 ifulie hivi hivi. Ganda lake si la milele.

Mama Belo

Na msimsahau nondo. Masika yakija wageni hupungua, nguo za mlimani huingia sandukuni miezi miwili mitatu, na zikitoka zina matundu. Anayekula si yule mdudu anayeruka, bali ni kiwavi wake, na hupenda zaidi sufu iliyohifadhiwa chafu, yenye jasho na mafuta ya mwili. Fueni, zikauke kabisa, mzifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Mimi mzigo mpya nikiutilia shaka naufunga kwenye mfuko na kuuweka katika friza la jirani yangu muuza samaki wiki mbili, mfuko juu ya mfuko ili usinuke sato. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri huwaua pamoja na mayai yao. Majani ya mwarobaini na karafuu yana harufu nzuri sandukuni, lakini kiwavi ambaye tayari yumo ndani hayatamuua. Na vile vidonge vyeupe vya naftalini ni sumu, msiviweke mahali ambapo mtoto atavidhania pipi.

Fundi Cherehani

Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo na nashangaa hakuna aliyemuuliza mzee hatima ya ile iliyorudi. Mimi ni fundi wa nguo Arusha. Mtaambiwa mahali pengi kwamba iloweke katika dawa ya kulainisha nywele kisha uivute taratibu, na kwa fulana iliyobana kidogo tu hilo husaidia. Kwa maelezo ya mzee, ya kwake imeshasokotana kabisa, na hiyo hakuna wa kuifumua.

Lakini kitambaa kilichosokotana hivyo kina sifa moja ambayo mafundi tunaipenda: ukikikata hakifumuki ukingoni, kwa hiyo hakihitaji pindo. Kikatwe soli za ndani za buti, jozi mbili zitatoka kwenye mgongo na kifua, na mikono itatoa vizibo vya masikio. Ni kinene, kina joto, na kitadumu. Mzee akiniletea nitamkatia.

Mzee wa Machame

Fundi, ahsante, na wazo lako nililipenda mara moja. Nilimwendea binti na mkasi mkononi, naye akaificha fulana chini ya godoro. Amesema ni yake, na asubuhi hizi za Julai anaivaa chini ya sweta la shule, basi soli nimezikosa.

Mama Belo, keshokutwa saa nne nitapita hapo Memorial pamoja na Kijana wa Rau. Tutafutie mbili za gramu 200, moja kubwa na moja ya kati, zenye moyo wa nailoni ukizipata. Kiberiti tutakuja nacho.